Mama Utosi wa Rusimbi

Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na lile alilopewa na baba yake hubaki kwenye vyeti. Yunisi Leonardi hajazaa. Hata hivyo ukifika Rusimbi leo ukamuulizia Yunisi Leonardi, watu watakutumbulia macho. Muulizie Mama Utosi, utaonyeshwa nyumba hadi mlangoni, na huyo anayekuonyesha atakutupia jicho la huruma, akijiuliza mwanao ana nini.

Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Kazi yake ni kupiga picha za ubongo wa watoto, walio tumboni na waliokwisha kuzaliwa. Waliozaliwa huwatazama kupitia utosi, pale mahali laini panapodunda juu ya kichwa cha mtoto mchanga, ambapo mfupa haujafunga na mashine inaweza kuchungulia. Watu wakaona ajabu, mwanamke mzima asiye na mtoto anashinda akishika vichwa vya watoto wa wenzake. Ndipo wakambatiza.

Mimi naitwa Elikana. Nimekaa kwenye dirisha la kadi la hospitali moja ya hapa Kigoma kwa miaka thelathini na mmoja. Jina la hospitali silitaji, kwa sababu kosa nitakalolisimulia ni langu, si la majengo. Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo, waulize wanangu. Lakini habari za huyu mama zimenikaa kooni, na nisipozisema mimi hakuna atakayezisema. Wengine wote waliokuwapo ama walikuwa wachanga ama hawapendi kukumbuka.

Baba yake, mzee Leonardi, alikuwa mbeba mizigo pale bandarini. Binti akasoma, akafaulu, akaenda kusomea mionzi, akarudi kupiga picha za miguu iliyovunjika ya waendesha bodaboda. Angeweza kuishia hapo na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini akasomea altrasaundi, kisha akapata nafasi ya kwenda nje, nchi ya baridi, akakaa huko miaka minne. Alirudi na shahada ya uzamivu na kikohozi. Tulidhani atabaki Dar es Salaam kama wengine. Akashuka kwenye treni pale stesheni akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa marehemu baba yake.

Siku moja nilimuuliza kilichomrudisha. Hakuzunguka. Akaniambia kwamba yale majedwali yanayotumika kusema ubongo wa mtoto ni wa kawaida au si wa kawaida yalitengenezwa kwa kuwapima watoto wa mbali.

"Wa kwetu nani amewapima, mzee Elikana?"

"Sijui, daktari."

"Hakuna. Basi nitawapima mimi."

Akaanza. Tangu siku hiyo mpaka leo amepima watoto elfu moja mia moja na zaidi, wa Ujiji, wa Gungu, wa vijiji vya kandokando ya ziwa na wa barabara ya Kasulu. Kila mtoto ana namba. Anamtazama angali tumboni, anamtazama tena akizaliwa, anaandika. Aliwahi kunieleza jinsi ubongo unavyoanza ukiwa laini kama yai lililomenywa, halafu wiki baada ya wiki unajikunja, mkunjo mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio uleule, na yeye kwa kuhesabu mikunjo anajua mtoto ana wiki ngapi kuliko mama mwenyewe. Alikuwa akieleza huku ameshika kikombe cha chai kilichopoa. Nadhani hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza.

Maana huyu mama alikuwa mpweke, nalisema wazi. Alikula peke yake kwenye chumba chake cha pazia la kijani, mwisho wa korido. Wauguzi hawakumchukia, walimwogopa kidogo. Mama mjamzito akiambiwa, "Nenda chumba cha mwisho ukaonane na Daktari Yunisi," alijua kuna jambo. Wengine waliangua kilio pale pale kwenye korido kabla hawajafika. Na waliotoka huko na habari mbaya hawakutaka kumwona tena maishani. Nimeona kwa macho yangu, sokoni Mwanga, mwanamke mwenye mtoto wa miaka sita akimvuta mkono mwanawe wapite upande mwingine wa mafungu ya dagaa kwa sababu Yunisi alikuwa anakuja. Mtoto mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Yunisi akasimama, akawaangalia mpaka wakapotea.

"Namba mia sita na kumi na mbili," akaniambia. "Tumboni alikuwa akinyonya kidole gumba cha kushoto."

Nikanunua dagaa wangu nikaenda zangu.

Palikuwa na mwanamume pia, Thobias, mwalimu. Huyo alimchumbia, akapata uhamisho kwenda Tabora, akamtaka wafuatane. Yunisi alikuwa amefika mtoto wa mia nne. Akamwomba asubiri afikishe mia tano. Thobias alisubiri mpaka mia nne na thelathini, halafu akaoa Tabora. Tulicheka sana masjala, tukasema huyu mama anahesabu vichwa vya watoto wa wenzake mpaka wake wamempita. Leo sicheki.

Kitu kimoja kilimpa heshima kidogo mjini, nacho ni mawese. Mwanzoni akina mama walikataa katakata mtoto aguswe utosini na kile kidude cha mashine. Utosi haushikwishikwi na kila mtu, walisema, na yale majimaji ya ubaridi yanayopakwa kabla ya kupima yaliwatia hofu zaidi. Kisha yale majimaji yakaisha, mwezi mzima hayakuletwa. Siku hiyo bibi mmoja wa Ujiji, Bibi Recho, alikuwa amemshika mjukuu wake, akamwambia Yunisi, "Mwanangu, wewe unaanza bila mafuta? Mtoto hushikwa utosi kwa mafuta." Akatoa kichupa cha mawese kwenye pindo la kanga. Yunisi akafunika kidude chake kwa plastiki nyembamba kisiharibike, akapasha mawese kwa viganja, akapaka, akatazama. Picha ikatoka vizuri. Tangu hapo, hata majimaji yalipoletwa, aliendelea kutumia mawese kwa watoto. Wakubwa wake walimwandikia barua ya karipio kwamba anahatarisha mashine. Akaiweka barua chini ya chupa ya mawese isichafue meza.

Ndiyo maana mikono ya koti lake jeupe ina rangi ya chungwa hadi kwenye viwiko.

Sasa nifike kwenye yangu.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa kumi na moja, alikuja mwanamke kutoka Kidahwe, jina lake Concilie Ndayikunda. Watu wake ni wa Burundi, waliingia hapa miaka mingi, wakakaa. Mumewe, Térence Ndikumana, anafyatua matofali. Mimba ilikuwa na wiki thelathini na moja. Kiswahili cha Concilie kilikuwa cha kuombea maji, na Yunisi ni mtoto wa mjini, Kiha chake ni cha kusalimia tu. Kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, nikaitwa mimi niliyekulia Kiha kutafsiri.

Nikaingia kwenye kile chumba. Yunisi akaniambia, macho yakiwa kwenye kioo, "Mwambie ndani ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vidogo vyenye maji. Mwambie vya mtoto wake vimepanuka. Havitakiwi kufika milimita kumi, hivi ni kumi na tano."

Nikatafsiri nilivyoweza. Concilie akauliza jambo kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?" Yunisi akauliza.

"Anauliza kama mtoto atazama."

Yunisi akaondoa macho kwenye kioo. Akamshika yule mwanamke mguu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. "Mwambie hapana," akasema. "Mwambie hatazama, tukiwahi."

Akaeleza namna ya kuwahi. Mtoto akishazaliwa aletwe ndani ya wiki mbili, atazamwe utosini. Maji yakizidi, kuna timu ya madaktari wa upasuaji wa vichwa inayokuja Kigoma mara chache kwa mwaka, inakaa siku nne tu. Itakuja mwishoni mwa mwezi wa tatu. Akifunguliwa njia ya maji mapema, ubongo unapata nafasi ya kukua. Akichelewa, maji yanausukuma ubongo ukutani mpaka unakwisha. Concilie akaitikia kila neno, "Ego, ego." Simu hawakuwa nayo, wakaacha namba ya jirani.

Nikarudi dirishani kujaza fomu. Yunisi alinifuata akasimama upande wa pili wa dirisha, akaniambia, "Mzee Elikana, huyu muandike namna ambayo tutampata." Yeye alikuwa na tabia ya kusoma daftari langu likiwa limegeuka, akinisahihisha herufi. Alizoea, watoto wake wengi anawaona kichwa chini miguu juu. Ilikuwa ikiniudhi. Nikamwambia kazi hii nimeifanya kabla yeye hajaota meno ya pili.

Fomu ina kisanduku cha jina la ukoo. Nikaandika la mume: Mtoto wa Ndikumana.

Msomaji wa kwetu ameshaona nilipokosea. Watu wa Burundi hawana jina la ukoo la kupokezana. Kila mtoto anapozaliwa hupewa jina lake mwenyewe, linalosema kilichokuwa moyoni mwa wazazi siku hiyo. Baba akiwa Ndikumana, mtoto si Ndikumana. Waha wa zamani nao walikuwa hivyohivyo. Babu yangu na baba yangu hawakuchangia jina hata silabi moja, na mimi nalijua hilo tangu utotoni. Lakini miaka thelathini ya kujaza visanduku ilinifanya niamini kisanduku kuliko babu yangu.

Mtoto akazaliwa mwezi wa kwanza, kwenye zahanati ya huko huko. Wiki mbili zikapita. Yunisi akaanza kupita dirishani kwangu kila asubuhi.

"Shikamoo, mzee Elikana. Ndikumana hajafika?"

"Marahaba, daktari. Hajafika."

Wiki ya tatu. Wiki ya tano. Namba ya jirani ilikuwa haipatikani. "Hajafika?" "Hajafika." Alianza kukonda. Jumamosi, siku yake ya kufua, akapanda pikipiki mpaka Kidahwe kumtafuta peke yake. Alirudi na tope hadi magotini. Huko Ndikumana ni wengi. Alionyeshwa Ndikumana fundi baiskeli, Ndikumana mhubiri, Ndikumana mwingine mgonjwa wa miguu. Yule mfyatua matofali watu wanamwita Térence tu. Akaenda Jumamosi ya pili, akakosa tena. Aliniambia watu walipoona koti lake begani walidhani ni bwana afya amekuja kukagua vyoo, wakafunga milango.

"Labda mtoto amekufa, daktari," nikamwambia. Nilitaka apumzike.

"Labda," akasema. "Lakini hilo nalo lazima niliandike."

Ile timu ya upasuaji ikaja, Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tatu. Ilikuwa iondoke Alhamisi jioni. Yunisi aliwapelekea watoto watano aliokuwa nao kwenye orodha, wote wakalazwa. Nafasi ya sita akaomba iachwe wazi mpaka Jumatano. Jumanne mchana akaja dirishani kwangu, hakunisalimia. Hiyo haijawahi kutokea.

"Nipe daftari la dirishani," akasema. "La tangu mwezi wa kwanza."

Mimi nina kiburi changu kimoja. Kila anayefika dirishani kwangu namuandika, hata ninayemrudisha. Vijana wa kompyuta wananicheka, lakini daftari langu halina pengo. Nikampa kwa maringo. Akafungua akaanza kupitisha kidole, ukurasa kwa ukurasa, amesimama, watu wakimsukuma nyuma. Mwezi wa kwanza akaumaliza. Mwezi wa pili, kidole kikasimama.

Akaligeuza daftari kwangu. Mwandiko ni wangu, mzuri kama kawaida. *Nizigama Armelle, wa kike, wiki tano, Kidahwe. Hayumo.*

"Mzee Elikana, hili neno la mwisho maana yake nini?"

"Hayumo kwenye orodha," nikasema. "Nilitafuta..."

Nikaikumbuka ile asubuhi, si sura, maana sikuwa nimeinua kichwa. Nilikumbuka sauti. Mwanamke alinipa kadi mpya ya mtoto. Akasema kitu kuhusu picha, kuhusu mama wa picha. Nikamwambia anayekwenda chumba cha mwisho lazima awe na jalada, nikatafuta N, hakuna Nizigama. Nikamuuliza kadi yake ya zamani, akasema zahanati waliichukua. Nikamwambia mtoto hayumo, arudi akiwa na kadi ya zamani. Nikaandika, nikaita anayefuata. Kutoka kwenye dirisha langu mpaka kwenye pazia la kijani ni hatua arobaini. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi.

Nizigama. Hata kwa sikio la Kiha jina hilo linazungumza habari za kutumaini. Kama ningelisikiliza ningejua mara moja ni jina la mtoto wa nani.

Nilingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze. Yeye alilifunga daftari taratibu, akaniambia, "Tafuta pikipiki mbili. Twende sasa hivi."

Akachukua ile mashine yake ndogo ya kubebea mgongoni, nikafunga dirisha watu wakiguna, tukaondoka. Njiani sikuweza kumtazama. Pikipiki yake ilikuwa mbele, nami nilimwona mgongo tu na koti likipepea, nikawaza kwamba huyu mtu amezunguka huko Jumamosi mbili peke yake akitafuta jina nililolibuni mimi.

Kidahwe sikumuulizia Ndikumana. Nilimkuta mama mmoja anaanika mihogo, nikamsalimia kwa Kiha, nikamuuliza nyumbani kwa akina Nizigama, yule mchanga. Akanyoosha mkono. Haikuchukua hata dakika mbili.

Concilie alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mapajani, amefunikwa kichwa na kitenge. Alipotuona hakuinuka. Alimtazama Yunisi kwanza, kisha akanigeukia mimi, akaniangalia muda mrefu.

"Nalikuja," akasema kwa Kiswahili chake kidogo ili Yunisi naye asikie. "Nalikuja na mutoto mugongoni. Wewe muzee ukaniambia mutoto hayumo."

"Ni kweli, mama," nikasema.

"Nikasema basi, kama hospitali wanasema hayumo, ni kama wanasema hayuko wa kupona. Tukarudi."

Nimefokewa na watu wengi maishani. Nimetukanwa na walevi, nimetishiwa na wakubwa. Hakuna kilichonichoma kama maneno ya yule mama, na hakuyapandisha sauti. Neno nililoandika nikimaanisha karatasi, yeye alilipokea kama hukumu ya mwanawe, akaenda kukaa nalo mlangoni wiki sita nzima.

Yunisi hakunitetea, wala hakunishitaki. Alipiga magoti kwenye vumbi, akaondoa kitenge. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimekua kupita mwili wake, ngozi imevutika inang'aa, mishipa inaonekana. Macho yalikuwa yameshuka, yanatazama chini muda wote. Utosi haukudunda tena kama wa watoto wengine, ulikuwa umejaa. Nikageuza uso. Nina wajukuu.

"Una mawese?" Yunisi akauliza.

Concilie akashangaa. Akaingia ndani, akatoka na bakuli. Yunisi akapasha mafuta kati ya viganja, akampaka mtoto utosini kwa mzunguko, polepole, vile bibi anavyofanya. Mtoto akatulia. Nikaona mabega ya Concilie nayo yanashuka kidogo. Kisha akaweka kidude, akawasha kioo, akafunika jua kwa koti lake, akaingiza kichwa ndani ya koti.

Alikaa humo kwa muda. Térence akaja kutoka kwenye matofali, mikono imejaa udongo, akasimama mbali bila kuuliza. Kuku wakapita. Mimi nilikuwa namwomba Mungu, na si mtu wa kuomba sana. Nilijua anachokitafuta: kama bado kuna ubongo wa kutosha kati ya maji na mfupa, nafasi ya sita ni yake. Kama hakuna, tutapanda pikipiki zetu turudi, na mimi nitaishi nalo.

Akatoa kichwa kwenye koti. Uso ulikuwa umelowa, sijui ni jasho.

"Yumo," akasema.

Hatukuelewa.

"Amesukumwa pembeni, amebanwa, lakini yumo. Milimita ishirini na mbili za ubongo. Mwambie, mzee Elikana. Mwambie mtoto wake yumo."

Nikamwambia. Nililitafuta neno la Kiha, likanitoka vibaya, nikarudia. Concilie akamvuta mtoto kifuani, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza. Térence akakaa chini pale alipokuwa amesimama.

Jumatano saa tatu asubuhi Nizigama Armelle aliingia chumba cha upasuaji. Yunisi alikaa nje kwenye benchi pamoja na wazazi, na mimi nikaliacha dirisha nikakaa mwisho wa benchi. Maji yakapewa njia. Ijumaa, timu ikiwa imeshaondoka, mtoto aliinua macho akamtazama mama yake. Concilie akaja kuniita mpaka dirishani nije kuona, nami nikaenda.

Sitaki kutia chumvi. Nizigama sasa ana miaka miwili na kitu. Anakaa mwenyewe, anacheka, hajatembea. Neno lake la kwanza lilikuwa "mama", la pili "oya", yaani hapana, na la pili analitumia zaidi. Zile wiki sita zilikula nini kichwani mwake hakuna anayejua, hata Yunisi hajui. Nilimuuliza kama angetembea leo iwapo ningeinua kichwa siku ile. Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiria mambo yote, akasema, "Huenda." Hakunipunguzia wala hakuniongezea. Tangu siku hiyo kwenye fomu yangu nimekifuta kile kisanduku kwa kalamu, nikaandika juu yake: mtoto anaitwaje na mama yake?

Mjini hakuna kilichobadilika. Wanamwita Mama Utosi, wanavuka upande wa pili. Bado anakula peke yake. Makala aliyoandika kuhusu vichwa vya watoto wa huku yamesomwa na watu wa mataifa ambayo siwezi kuyataja, na jirani yake wa ukuta mmoja hajui anafanya kazi gani hasa.

Mwezi uliopita aliugua malaria. Akaja dirishani asubuhi, anatetemeka, kajifunga shuka juu ya koti. Nikamtafutia jalada. Halikuwapo. Miaka yote hiyo pale, hakuwahi kuandikwa kama mgonjwa. Nikatoa fomu mpya nikaanza kumuuliza, kama mtu yeyote. Jina. Umri. Mtaa. Nikafika kwenye ndugu wa karibu.

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu.

"Acha wazi," akasema.

Nikaiangalia ile nafasi. Daftari langu halina pengo, nimeshasema. Jina langu mwenyewe nilitaka kuliweka, nikaona aibu. Nikainamisha kichwa nikaandika.

Nilisahau kwamba anasoma kichwa chini miguu juu.

"Mzee Elikana," akasema, meno yakigongana kwa homa. "Mtoto wa miaka miwili hawezi kuwa ndugu wa karibu wa mtu."

"Yumo," nikamjibu.

Aliitazama ile karatasi. Nilidhani atachukua kalamu anisahihishe, maana ndiyo tabia yake. Akakaza shuka, akapokea kadi, akaenda kukaa kwenye benchi katikati ya akina mama na watoto wao, kusubiri jina lake liitwe.